Mwembe Upande wa Kusi

Treni ya njia namba 4 ya Guangzhou inaishia Nansha, kwenye bandari ya abiria, na ukitoka kituoni huna haja ya kumuuliza mtu hekalu la Tianhou liko wapi. Limepanda mlima mbele yako, paa juu ya paa. Chini, kwenye uwanja unaotazama mlango wa Mto Lulu, amesimama Tianhou mwenyewe, mlinzi wa mabaharia, kimo chake mita 14.5, ameungwa kwa vipande 365 vya jiwe la itale. Nilikuwa nimekuja Guangzhou kwa jambo linalowaleta wengi wetu, mzigo. Kontena lilikuwa halijajaa, siku ikawa yangu, na binti wa rafiki yangu wa zamani akajitolea kunitembeza.

"Shikamoo, baba mdogo. Hiyo kofia ishike, mlimani itaondoka."

Alitazama bendera za hekalu kwa muda, akasema leo ni mita saba kwa sekunde, pengine nane kwenye uwanja. Sikuwa na namna ya kumbishia. Ni mzaliwa wa Singida, anasomea mambo ya angahewa hapa Nansha, mahali palipokuwa mashamba ya miwa na migomba juu ya tope la mto, na sasa pana gati za makontena, madaraja marefu na, tangu 2022, chuo kikuu kipya. Kazi yake, kwa maneno mepesi, ni kupima upepo wa Tanzania akiwa ameketi huku. Aliponieleza mara ya kwanza nilicheka. Nyanya unaweza kuziuliza bei kwa simu, lakini upepo?

Tulikaa kwenye ngazi za hekalu, akafungua kompyuta mpakato, na mchana wote ukaishia hapo.

Ipo kumbukumbu ya hali ya hewa ya dunia nzima inayoitwa ERA5, iliyotengenezwa na kituo cha utabiri cha nchi za Ulaya. Inatoa upepo wa kila saa tangu 1940, katika kimo cha mita 10 na cha mita 100, kwa vipande vyenye upana wa takriban kilomita 31. Shirika la anga la Marekani lina ya kwake inayoanzia 1980. Wachina nao walitoa ya kwao mwaka 2021, inayoanzia 1979. Kwa mara ya kwanza nilielewa namna zinavyotengenezwa. Ni kama jaji anayeamua kusikiliza upya kesi zote za miaka iliyopita. Anawaita mashahidi wote waliokuwepo: puto lililorushwa alfajiri, meli iliyopita karibu na Mafia, ndege iliyokuwa ikishuka Nairobi, setilaiti iliyotazama mawimbi. Hakuna aliyeona kila kitu, na wengine wanapingana. Jaji ana sheria moja tu, fizikia ya hewa, na kwa kila saa anaandika hukumu inayopatana zaidi na ushahidi wote. Pale ambapo hapakuwa na shahidi hata mmoja, hukumu inaandikwa vilevile.

"Hapo ndipo kazi yangu inapoanzia," alisema.

Tanzania inaingia katika vipande karibu elfu moja vya ukubwa huo. Miaka arobaini ina saa zaidi ya 350,000. Zidisha mwenyewe. Kompyuta inazidisha kwa dakika chache na kukupa ramani ya rangi, nyekundu kwenye upepo mwingi na buluu kwenye upepo haba, na mtu mvivu anaweza kuichapisha hiyo ramani jioni hiyohiyo na kuiita uwezo wa upepo wa nchi. Nilichokiona kwenye ngazi zile ni kila kitu kinachofanywa na mtu asiye mvivu.

Kwanza saa. Saa sita mchana ya mama yake kule Singida ni 12:00 kwenye saa ya ukutani, ni 09:00 kwenye data, maana data inafuata majira ya Greenwich, na ni 17:00 kwenye simu yake iliyo Nansha. Mswahili anayesoma "09:00" haraka haraka tayari ana njia mbili za kukosea. Ukiteleza saa tatu, upepo wa alasiri unahamia usiku, na anayepanga umeme wa jioni, saa ambazo taa zote na televisheni zote zimewashwa, anapanga kwa upepo usiokuwepo. Amebandika karatasi juu ya kioo cha kompyuta yenye saa hizo tatu. Nilimuuliza kama bado anaihitaji baada ya miaka miwili ya kazi hii. "Siku nikidhani siihitaji, ndiyo siku nitakayokosea."

Halafu wastani. Chukua vilima viwili, vyote vina wastani wa mita 6 kwa sekunde. Cha kwanza kinavuma 6 mchana na usiku, bila kubadilika. Cha pili nusu ya muda kinavuma 3, nusu kinavuma 9. Kwa mtu wa mtaani ni sawa. Lakini nguvu iliyomo ndani ya upepo inafuata kasi ikizidishwa kwa yenyewe mara tatu. Cha kwanza kinapata 216. Cha pili kinapata 27 kwa nusu ya muda na 729 kwa nusu nyingine, wastani wake 378. Wastani wa kasi ni uleule, nguvu ni karibu mara mbili. Kwa hiyo huulizi upepo unavuma kiasi gani. Unauliza unavuma vipi, mara ngapi umelala, mara ngapi umepanda. Mchoro wa kuonyesha hilo, mlima mmoja wenye mkia mrefu upande wa kulia, umepewa jina la Msweden Waloddi Weibull, na binti huyu anaitazama michoro yake namna fundi cherehani anavyotazama mabega ya mteja. Nchi yenye upepo wa msimu unaotabirika ina mlima mwembamba. Penye dhoruba na utulivu wa kupokezana, mlima unanenepa.

Na hewa yenyewe ina uzito. Singida iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,500 hivi, na hapo hewa sanifu ni nyepesi kwa takriban asilimia 14 kuliko ya pwani. Upepo wa kasi ileile unasukuma mapangaboi kwa nguvu pungufu kwa kiasi hichohicho. Ni hesabu ya mstari mmoja, na kuisahau ni kuahidi umeme ambao hautafika.

Faili zake amezipa majina ya kwetu: kaskazi, kusi, matlai, tangambili. Nilimtania, Mnyaturu wa bara amepata wapi maneno ya majahazi. Akasema alijaribu kugawa mwaka kwa miezi ya kalenda akaona anakata upepo katikati, kama kukata samaki kwa urefu. Mwaka wa upepo hauanzi Januari. Una kaskazi inayoingia mwishoni mwa mwaka, una kusi inayoshika katikati, na baina yake una tangambili, siku ambazo hata nahodha mzoefu alikuwa anangoja tu. Kusi haishii ufukweni. Inapanda bara na kuwafikia hata wasioijua kwa jina. Alipogawa data kwa misimu ya pwani, michoro yake ikatulia.

Hapo nikamtazama yule mama wa jiwe kwa jicho jingine. Mabaharia wa amiri Mchina Zheng He, waliofika hadi pwani yetu, Malindi ikiwemo, mwanzoni mwa karne ya 15, walimshukuru Tianhou kwa maandishi ya jiwe kule Changle mwaka 1431. Nadhani walikuwa na haki ya kumshukuru, lakini walikuwa pia na elimu. Upepo wa kesho unamsaidia mvuvi. Wa safari ya miezi alihitaji kujua Januari inavuma vipi, kila Januari, na mara ngapi imewahi kukosea. Hesabu hiyo waliibeba kichwani, na waliokuwa baharini ndio waliolipa ilipokuwa na kasoro.

Nilidhani nchi kama China, yenye wataalamu wengi hivyo, inajua upepo wake tangu zamani. Binti akanionyesha tarakimu tatu. Tathmini ya pili ya taifa, iliyotegemea vituo zaidi ya 900 vya hali ya hewa, ilisema nchi kavu ya China ina gigawati 253 zinazoweza kuvunwa. Ya tatu, katika miaka ya 2000, kwa vituo zaidi ya 2,000, ikasema 297. Ya nne, iliyosimamisha milingoti 400 ya kupimia na kuunganisha vipimo hivyo na mifano ya kompyuta, ikasema 2,380 kwa kimo cha mita 50. Upepo ni uleule. Nchi ni ileile. Kilichobadilika ni kimo ambapo mtu aliinua kipimo chake, maana vituo vile vya mwanzo vilipima mita 10 tu juu ya ardhi, mahali ambapo miti na nyumba huukwaza upepo, na mitambo ya leo haiishi huko chini. Kilichobadilika pia ni swali: kuvunwa kwa mtambo gani, ardhi gani itolewe, upepo haba kiasi gani bado unahesabiwa kuwa upepo.

Mtu anaweza kuzisoma tarakimu hizo akakata tamaa na wataalamu. Mimi nilizipenda. Ni mara chache taasisi inapima kitu kilekile mara nne na kuacha matokeo yote hadharani, ya kwanza na ya mwisho.

Huku mkoani Guangdong kuna jambo ambalo sisi hatulijui sana. Upepo unaolisha ndio unaoua. Tarehe 16 Septemba 2018 tufani Mangkhut ilitua Taishan, magharibi ya mlango huu wa mto. Anayepanga mitambo baharini hapa lazima aujue upepo wa siku ya kawaida, na aujue pia upepo mbaya kuliko wote katika miaka hamsini. Kanuni za kimataifa za mitambo ya upepo zina daraja maalumu la maeneo ya tufani, linalotaka mtambo uvumilie mita 57 kwa sekunde kwa wastani wa dakika kumi. Agosti 2024 jukwaa linaloelea la kampuni ya Mingyang, lenye mitambo miwili kwenye nguzo mbili zilizopanuka kama herufi V, megawati 16.6 kwa pamoja, lilivutwa kutoka Guangzhou hadi bahari ya Yangjiang. Watu wanaustaajabia ukubwa wake. Binti wa Singida alikuwa na swali moja tu: miaka mingapi ya tufani iliingia kwenye hesabu?

Swali hilo lina makali kwetu pia. Ukichukua miaka arobaini kuanzia 1980 hadi 2019, kama wengi wanavyofanya kwa sababu setilaiti zilishaenea na ushahidi ulishakuwa mwingi, unapata pwani ya Tanzania isiyo na kimbunga cha maana. Kimbunga kilichopiga Lindi Aprili 1952 kiko nje ya dirisha, na Hidaya ya Mei 2024 iko nje upande wa pili. Miaka arobaini inasikika mingi. Kwa upepo wa kila siku ni mingi kweli. Kwa upepo wa siku moja ya balaa ni michache.

Na miaka hiyo si ya kubeba kizembe. Ukienda kwenye kilima na mlingoti wako ukapima mwaka mmoja, umepima mwaka mmoja. Mgeni aliyefika Tabora msimu wa maembe naye anaondoka akisema mji ule maembe ni ya bure. Kwa hiyo unachukua vipimo vya mlingoti, unavilinganisha saa kwa saa na kumbukumbu ile ndefu kwa mwaka huohuo, unatafuta namna zinavyokwenda pamoja, halafu unaitumia kumbukumbu ndefu kuuliza: mwaka wangu ulikuwa wa kawaida, au ulikuwa wa neema? Jibu linabadilisha fedha. Benki haikopeshi kwa kiasi ambacho nusu ya miaka itakifikia. Inataka kiasi ambacho kina nafasi tisini katika mia ya kufikiwa. Umbali kati ya tarakimu hizo mbili ni bei ya mashaka, na fundi hodari analipwa ili kuupunguza bila kudanganya.

Nilimuuliza kama kumbukumbu ile ndefu inaweza kukosea kabisa. Akanipeleka Turkana. Mwaka 1982 watafiti Kinuthia na Asnani waliandika juu ya mkondo wa upepo mkali waliougundua katika bonde lililo kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, hewa ikibanwa humo kama maji kwenye mfereji. Miaka mingi baadaye palijengwa mitambo 365, idadi ileile ya mawe ya Tianhou, yenye megawati 310 kwa jumla, na nyaya za zaidi ya kilomita 400 kuupeleka umeme Suswa. Ulianza kuingia kwenye gridi ya Kenya mwaka 2018. Lakini watafiti waliporusha maputo ya vipimo huko mwaka 2021, walikuta mkondo una nguvu kuliko kumbukumbu za dunia zilivyodai. Kipande cha kilomita 31 hakina bonde ndani yake. Kimechanganya bonde na mlima na kutoa kitu cha katikati ambacho hakipo popote. Aliyetegemea ramani peke yake angepita Turkana akisema upepo upo, lakini si wa ajabu.

Ramani ina upofu mwingine, na huu alinionyesha bila kuongeza neno. Ukishapata upepo, unatoa: hifadhi, maziwa, miteremko mikali, miji, njia za ndege. Kinachobaki kinaitwa ardhi wazi. Oktoba 2021 mahakama ya mazingira na ardhi ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi wa Turkana hazikupatikana kwa utaratibu wa sheria. Wafugaji walikuwa wamekwenda kudai kwamba ardhi ile haikuwa wazi hata siku moja. Kwenye faili la binti kuna safu moja ya data inayoitwa malisho. Haikuwemo kwenye mfano alioufuata. Aliiongeza yeye.

Jua lilipoanza kuteremka upande wa mto alinionyesha jambo ambalo lilimnyima usingizi wiki nzima. Kituo kimoja nyumbani, ambacho sitakitaja, kina vipimo vya miongo. Vimejaa makovu ya kawaida: siku za sifuri mfululizo, ambazo maana yake ni vikombe vya kipimaupepo vimekwama, si kwamba hewa imesimama, na kasi zinazopenda kuishia kwenye tano na kumi, kwa sababu mtu alisoma sindano kwa jicho na jicho linapenda tarakimu za duara. Hayo anayajua na ana dawa yake. Kilichomshinda ni kwamba kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 upepo wa kituo unashuka, polepole, mwaka baada ya mwaka, na kumbukumbu ya ERA5 haishuki. Mmoja wa mashahidi wawili anasema uongo.

Jambo hili linajulikana duniani. Vituo vingi vya nchi kavu vilionyesha upepo ukipungua kwa miongo kadhaa, na mwaka 2010 watafiti waliandika kwamba sehemu ya kupungua huko inatokana na ardhi kuzidi kuwa na miti na vichaka. Hapa Nansha, ambapo shamba la migomba linageuka ghorofa thelathini kati ya sensa moja na nyingine, mtu anaelewa bila kusoma. Lakini kuelewa kwa jumla hakutoshi kurekebisha kituo kimoja. Angeweza kukitupa. Angeweza kukinyoosha kwa hesabu, programu zipo, na hakuna msimamizi ambaye angemuuliza. Ila alikuwa ameona kwamba upepo haupungui kutoka pande zote. Wa kaskazi uko palepale. Wa kusi ndio unaokufa.

Akamtafuta mzee aliyekuwa mpimaji wa kituo hicho kabla ya kustaafu. Ilimchukua siku nne, kupitia kwa mjomba, kwa fundi redio, kwa binamu ya fundi redio. Siku ile, tukiwa kwenye ngazi, simu ikaita.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mama. Wasemaje huko Uchina, mnakula?"

Walizungumza afya, mvua, bei ya alizeti. Hakuharakisha, na nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa hesabu zote. Hatimaye akamuuliza kama kulijengwa chochote karibu na uwanja wa vipimo, upande wa kusini na mashariki, miaka ile. Mzee akasema hapana, hakuna ukuta wala bohari. Kimya. Halafu akacheka. Kuna mwembe, akasema. Aliupanda mwenyewe ili apate kivuli cha kukaa akisubiri saa ya kusoma vipimo, maana jua la pale halina huruma. Umekuwa mkubwa sana sasa, watoto wa jirani wanaupanda.

"Uliupanda mwaka gani, babu?"

Alifikiri. Ulikuwa mwaka wa mvua zile kubwa za El Niño, barabara zilipokatika. Mwaka huo, au uliofuata.

Binti alimshukuru, akamuombea afya, akakata simu. Akafungua faili, akashuka hadi 1998, na kwenye safu ya maelezo, ambamo wenzake huandika namba za vifaa na tarehe za ukarabati, akaandika: mwembe, upande wa kusi.

Kisha akaniuliza kama nina njaa.